Kanisa la Mtakatifu Martin, Wharram Percy: gofu linalostahili safari yake

Anayekwenda Wharram Percy, kijiji kilichohamwa katika vilima vya Yorkshire nchini Uingereza, ajue mapema kwamba hapa hakuna kiingilio, hakuna duka wala mhudumu wa kumpokea, na kwamba gari huachwa zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye magofu. Njia inateremka kwa ukali, na baada ya mvua hujaa tope. Mwenye miguu dhaifu ajipime kwanza, kwa kuwa mteremko huohuo ndio atakaoupanda wakati wa kurudi. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo kasoro pekee niliyoiona, na mtu aliyejiandaa kwa viatu madhubuti hatayakumbuka tena akishalifikia kanisa.

Limesimama bondeni bila paa, mnara wake ukiwa umebaki kipande. Nawashauri wageni wasikimbilie ndani, bali waanze nje, kwenye ukuta wa kusini, ambako matao yaliyozibwa kwa mawe yanaonekana waziwazi. Kanisa la kwanza hapa lilikuwa dogo, la mbao, kisha likajengwa la mawe. Kijiji kilipokua, katika karne ya 12 na ya 13, kuta za pembeni zilitobolewa matao na kuongezewa mabawa, yaani kumbi za ubavuni, ili waumini wote wapate nafasi. Watu walipopungua, mabawa yakabomolewa na matao yakazibwa. Sijawahi kuona jengo linalotunza hesabu ya watu wake kwa uaminifu namna hii: kila tao lililozibwa ni familia ambazo hazikuwapo tena kusali.

Tauni ya karne ya 14 ilichangia upungufu huo, lakini haikukimaliza kijiji. Kilichokimaliza ni kondoo. Sufu ilikuwa na faida kuliko nafaka, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 16 familia za mwisho zilikuwa zimeondolewa ili mashamba yawe malisho. Kanisa likabaki peke yake, likivihudumia vijiji jirani, na wakazi wa Thixendale waliendelea kuja hapa hadi walipopata kanisa lao mwaka 1870. Ibada zilikoma mwaka 1949, na miaka 10 baadaye sehemu ya mnara ikaporomoka.

Makaburi ndiyo yaliyonishika zaidi. Mawe machache yaliyosimama leo ni ya karne za karibuni, lakini wanaakiolojia waliochimba kijiji hiki kila kiangazi kuanzia mwaka 1950 hadi 1990, wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst, walifukua mifupa ya watu 687 kanisani na uwanjani pake. Mifupa hiyo imetufunza mambo ambayo hakuna karani wa zama zile aliyejali kuyaandika: kwamba watoto walinyonyeshwa hadi kufikia takriban mwaka mmoja na nusu, kwamba walikuwa wafupi kuliko watoto wa leo wa umri uleule, na kwamba mwanamume mmoja wa makamo, aliyepigwa kichwani karibu miaka 1,000 iliyopita, alipasuliwa fuvu na mganga, akapona na kuishi. Naomba msomaji atulie kidogo juu ya huyo mtu. Alikuwa mkulima kijijini, si mtemi, na bado palikuwa na mtu aliyejua kumtibu.

Si wote waliolazwa kwa heshima hiyo. Katika shimo lililokuwa kati ya nyumba, mbali na uwanja wa kanisa, ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 10, iliyokatwakatwa na kuchomwa moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona kuwa huenda wanakijiji waliogopa wafu hao wangeinuka na kuwadhuru walio hai. Na meno yao yanaonyesha kwamba hawakuwa wageni, bali walikulia papa hapa.

Mabango yaliyopo yanaeleza vyema ujenzi wa kanisa, ingawa mimi ningependa waliozikwa wasimuliwe kwa urefu zaidi. Tengeni nusu siku. Mkishalizunguka kanisa, shukeni hadi kwenye bwawa la samaki lililo chini yake, kisha geukeni nyuma: kutoka hapo kuta, mawe ya makaburi na matuta ya nyasi yaliyofunika nyumba za kijiji huonekana kwa mtazamo mmoja.