Uzoefu wangu: Gozo kwenda na kurudi siku moja, kwa basi na feri kutoka Valletta

Alama yangu ni nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua imekatwa na mabasi ya Gozo, wala si feri.

Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa nchini Malta, na hakuna haja ya kununua ziara ya wakala ili kufika huko. Kwa nauli za kiangazi, basi ni euro 2.50 na feri ni euro 4.65. Ukihesabu mabasi manne (mawili ya kwenda, mawili ya kurudi) na feri, jumla ni euro 14.65. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen kuingia Malta, lakini kutoka kisiwa kimoja hadi kingine hakuna ukaguzi wa uhamiaji, maana ni nchi ileile.

Mabasi namba 41 na 42 huondoka stendi kuu ya Valletta, nje ya lango la mji, karibu na chemchemi ya Triton, na kuishia Ċirkewwa mbele ya gati la feri ya Gozo. Ukiwa Sliema, panda 222. Kutoka uwanja wa ndege kuna X1. Kutoka Valletta tenga saa moja na robo, na saa moja na nusu kukiwa na foleni ya magari. Pandia stendi kuu hata kama kuna kituo karibu na ulipolala. Wakati wa kiangazi basi likishajaa dereva hasimami, na wanaongojea Mosta au St Paul's Bay hubaki wakilitazama likipita. Hata likiwa na nafasi, lipungie mkono, la sivyo litapita vilevile. Nauli unamlipa dereva, kwa kadi ya benki ya kugusa au kwa fedha taslimu. Uwe na sarafu au noti ndogo, kwa sababu ukitoa noti kubwa unaweza kukataliwa kwa kukosa chenji.

Tiketi ya basi hudumu saa mbili tangu ulipoilipia, na ndani ya muda huo unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena, hata ya Gozo. Wengi husikia hivyo wakadhani wataitumia hadi Victoria, mji mkuu wa Gozo. Piga hesabu: dakika 75 za basi, kungoja feri, dakika 25 za baharini, kushuka, kungoja basi jingine. Saa mbili zimekwisha. Faida ya tiketi hiyo utaiona ndani ya Gozo kwenyewe, ukiunganisha mabasi mawili pale Victoria.

Sasa feri. Hapa ndipo wageni huchanganyikiwa, kwa sababu Ċirkewwa hakuna anayekuuliza tiketi. Unaingia jengo la abiria, unangoja mlango ufunguliwe, unapanda. Nauli ya kwenda na kurudi hulipwa mara moja tu, bandari ya Mġarr upande wa Gozo, wakati wa kurudi. Aliyezoea Likoni au Kigamboni, ambako abiria husimama kando ya magari, atakuta mpangilio mwingine: magari hubaki chini, abiria wako ghorofani penye viti, mkahawa na vyoo. Feri hufanya kazi saa 24, na mchana hupishana kwa muda usiozidi saa moja. Wakati wa kwenda simama upande wa kulia uione Comino, kisiwa kidogo kilicho katikati. Dakika chache kabla ya kufika sogea karibu na mlango wa kushukia. Sababu ni basi la nje ya bandari: abiria wote wa miguu wanalikimbilia hilohilo, na walio nyuma hubaki.

Basi hilo ni 301, 303 au 323, lolote litakalotangulia, na Victoria ni kama kilomita 6 tu. Mabasi mengi ya Gozo hukutana stendi ya Victoria, kisha mengi ya njia za vijijini huenda mara moja kwa saa. Ukikosa moja, saa nzima imepotea. Kwa hiyo anayepanga Ġgantija, Dwejra, Xlendi na Ramla kwa siku moja atashinda stendi. Chagua sehemu mbili, ukiongeza ngome ya Cittadella ambayo unaifikia kwa miguu kutoka stendi. Kutembea juu ya kuta za ngome ni bure. Ndani ya kanisa kuu inua macho: kuba unaloliona ni mchoro uliochorwa kwenye dari bapa.

Mimi ningepeleka mtu Ġgantija kwa basi 307. Mahekalu yake yalijengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na tiketi inajumuisha kinu cha upepo cha Ta' Kola, kilicho umbali wa kutembea hapohapo kijijini Xagħra. Kutoka hapo, mwenye miguu imara anaweza kuteremka hadi ufukwe wa Ramla wenye mchanga mwekundu, kiasi cha nusu saa au zaidi. Kivuli barabarani ni haba, na kurudi ni mlima, hivyo beba maji.

Dwejra, kwa basi 311, bado panavutia, lakini usidanganywe na picha za zamani: lile tao la mwamba lililoitwa Azure Window lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017. Kilichobaki ni boti ndogo zinazopita kwenye pango kutoka ziwa la ndani hadi bahari kuu, na bahari ikichafuka haziendi.

Epuka tarehe 15 Agosti na siku zinazoizunguka. Ni sikukuu ya Santa Marija, na Wamalta wenyewe humiminika Gozo. Foleni ya magari haikuhusu, lakini mabasi yanakuhusu sana.

Kurudi kuna njia mbili. Ya kawaida ni feri hadi Ċirkewwa kisha basi, na kwa kuwa basi linaanzia hapo utapata kiti kabla ya watu wa ufukwe wa Għadira hawajalijaza. Ya pili ni boti ya kasi inayotoka Mġarr hadi Valletta moja kwa moja kwa dakika 45 hivi. Ukirudi nayo, unalipa nauli ya boti hiyo tu, kwa kuwa feri kubwa ya asubuhi hukuilipia na hupiti tena kwenye lango lake. Upepo ukiwa mkali boti ya kasi husitishwa mapema kuliko feri kubwa, basi angalia taarifa za safari zake kabla hujaondoka Victoria, ukiwa bado na muda wa kuwahi 301.