Nilivyotoa Prius yangu kwa kituo cha watoto Dodoma: uzoefu wangu

Prius yangu, yaani haibridi ya Toyota inayotumia petroli na umeme, ni ya mwaka 2008. Niliinunua Dar nikiwa bado nafanya kazi huko, na kwenye foleni za kule ilinisaidia sana: injini inazima yenyewe, gari linasogea kwa umeme, mshale wa mafuta kama umegandishwa. Nilipohamia Dodoma halikuwa na kazi kubwa tena. Foleni ya kuumiza kichwa hapa hakuna, na tangu treni ya SGR ianze kufika mwaka 2024 safari zangu za Dar ni za treni. Dalali alipotaja bei yake, mimi na mama watoto tukaangaliana, tukakubaliana tulitoe sadaka.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulilipeleka kwenye taasisi moja ya hapa mjini. Wakapokea kwa shangwe, tukapiga picha, wakachukua ufunguo na kadi ya gari, wakasema suala la kubadilisha umiliki tutalimaliza wiki ijayo. Ikapita miezi mitatu. Siku moja nikaangalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, nikakuta faini mbili, kila moja shilingi 30,000, na mmiliki anayesomeka ni mimi. Nikaenda kuuliza. Gari liko uani, tairi moja imelala chini, vumbi kwenye kioo unaweza kuandika jina lako. Haliwaki. Dereva wao alishajaribu kuliboosti mara mbili.

Hapa ndipo haibridi inapotofautiana na gari la kawaida, na nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe sikuwaeleza wakati nakabidhi. Prius haina stata ya kawaida. Ina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha mifumo ya gari, lakini kinachozungusha injini ni mota inayokula umeme wa betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha nyuma. Betri ndogo ikifa, kuboosti kunasaidia. Betri kubwa ikiisha kwa kukaa miezi bila kuwashwa, utaboosti mpaka kesho na injini haitazunguka. Gari hili halitaki kuegeshwa. Linataka kutembea.

Tulizungumza kwa heshima, wakanirudishia.

Nikampata fundi anayezijua haibridi kweli. Alivaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri kwanza, ndipo akagusa kitu. Nyaya za rangi ya chungwa akanionya nisizikaribie. Betri ya Prius ya toleo hili ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Vitatu vilikuwa vimechoka. Lakini kilichonishtua ni feni. Betri inapozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo pembeni mwa kiti cha nyuma, na ile feni ilikuwa imejaa vumbi jekundu la Dodoma, limeshikana na nywele na nyuzi za kiti mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Fundi alilibandua kwa vidole likatoka zima. Betri ilikuwa inapika humo ndani miaka yote hiyo na mimi nafungua vioo nafurahia upepo.

Aliniambia ukweli pia: kubadilisha vipande vitatu tu ni kununua muda, kwa sababu vilivyobaki ni wazee wa rika moja. Nikalipia seti nzima. Iliuma mfukoni, ila sikutaka kuwapa watu mzigo nikauita zawadi.

Safari hii tulikwenda kituo kinacholea watoto wenye ulemavu, upande wa Nzuguni. Tulipokelewa na bibi anayewapikia watoto kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na uji tayari mezani. Mama mlezi alilizunguka gari, akauliza, "Baba, hili la umeme tutalichaji wapi? Huku umeme unakatika." Nikamweleza kwamba halichomekwi popote, unaweka petroli kama gari lolote, betri inajichaji kutokana na injini na kila unapokanyaga breki. Akauliza tena, "Na kiti cha magurudumu kitaingia?" Tukafungua mlango wa nyuma, tukakunja kiti cha magurudumu cha mtoto mmoja, kikaingia chote na nafasi ikabaki. Hapo ndipo niliona uso wake umekunjuka.

Ufunguo haukutoka mkononi mwangu mpaka umiliki ulipobadilika. Tuliandikishana mkataba kwa mwanasheria, kituo kikaleta TIN yake (namba ya mlipakodi) na mimi yangu, mambo ya mamlaka ya mapato, TRA, yakafanyika, kadi ikatoka kwa jina la kituo. Faini zile nilizilipa kabla, maana zinafuata namba ya gari. Bima yangu sikuwaachia, wakakata ya kwao.

Udhaifu upo. Gari liko chini, na barabara ya vumbi inayoingia kituoni ina mawe, kwa hiyo bampa la mbele limeshakwaruzwa. Kama kituo kiko vijijini ndani kabisa, ni heri uuze Prius uwapelekee pesa. Kwa kituo cha pembeni mwa mji, cha kupeleka watoto kliniki na kurudi, naipa nyota nne kati ya tano.

Jumamosi nilipita kuwasalimia. Dereva alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, mswaki wa zamani mkononi, anasugua matundu ya hewa kama nilivyomwonyesha. Pembeni yake mtoto mmoja ameshika kitambaa chenye maji, anamsubiri amalize ili yeye apanguse.