Coward Springs: pa kulala kwenye barabara ya Oodnadatta

Ukiniuliza ulale wapi kati ya Marree na William Creek, kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini, sitafikiri mara mbili: lala Coward Springs. Tulifika pale marafiki wanne kwa Land Cruiser ya kukodi yenye mahema mawili juu ya paa, tukifuata Oodnadatta Track, njia ya changarawe na vumbi ya kilomita 620 hivi kutoka Marree hadi Marla. Tulipiga kambi sehemu nyingine pia, na zilikuwa nzuri. Lakini hii ndiyo ninayomtajia kila anayepanga kwenda.

Sifa yake kubwa ni maji. Unakuwa umeendesha saa nyingi kwenye nchi isiyo na mti wa kuegemea, mawe mekundu upande huu, chumvi nyeupe upande ule, halafu mbele yako inatokea mitende. Ilipandwa enzi za reli, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado inanawiri. Karibu nayo kuna kidimbwi kidogo kilichozungushiwa mataruma ya zamani ya reli, na ndani yake maji ya vuguvugu yanapanda kutoka ardhini. Wanne tulienea kwa kubanana. Mwenzetu mmoja, fundi magari, mtu ambaye kutwa nzima alikuwa akisikiliza milio ya springi bila kusema neno, aliingia majini hadi kidevuni na kwa mara ya kwanza siku ile akaanza kupiga hadithi. Hakuna aliyetaka kutoka, hata pale mpishi wa zamu alipotuita tule.

Maji hayo yanatoka kwenye hifadhi kubwa ya chini ya ardhi, Great Artesian Basin, iliyotanda chini ya zaidi ya moja ya tano ya bara lile; kwa hesabu zinazokubalika ni karibu asilimia 22. Mvua nyingi inayoilisha hunyesha mbali mashariki, ikapenya kwenye miamba, na kusafiri polepole mno hadi huku jangwani inakopata upenyo wa kutokea. Ndiyo maana njia hii ipo. Waarabana, wenyeji wa nchi hii, waliishi kwa kuzijua chemchemi hizi. Mpelelezi John McDouall Stuart alizifuata katika safari zake za miaka ya 1858 hadi 1862, waya wa simu ya maandishi uliokamilika mwaka 1872 ukapita humo humo, kisha reli, kwa kuwa treni za mvuke haziendi bila maji. Treni ya Ghan ilipita hapa hadi mwaka 1980, ilipohamishiwa reli mpya upande wa magharibi. Pale kambini majengo ya reli bado yamesimama na yametunzwa vizuri. Unakunywa chai asubuhi ukiyatazama, na unaelewa kwa nini kuna stesheni mahali ambapo hakuna mji.

Nafasi za kupiga kambi zimetenganishwa na miti, kwa hiyo husikii mazungumzo ya jirani. Hilo nililipenda sana, maana kambi nyingi za barabarani hukupanga bega kwa bega na misafara yenye jenereta. Vyoo ni vya shimo, safi. Bafu lina maji ya moto yanayopashwa kwa kuni, na baada ya vumbi la Oodnadatta Track, bafu la namna hiyo ni heshima kubwa kwa msafiri. Umeme wa kuchomeka friji haupo. Friji yetu ilitegemea betri ya pili ya gari, nayo ilitosha kwa usiku mmoja. Kama yako haina betri ya pili, beba barafu.

Usitarajie mafuta wala chakula cha kununua. Kati ya Marree na William Creek ni kama kilomita 200, na mafuta yako kwenye ncha hizo mbili. Sisi tulijaza Marree na kubeba dumu la dizeli juu yake. Maji ya kunywa tulibeba ya kutosha kukaa kando ya barabara siku kadhaa kama gari lingegoma, kwa sababu simu zetu zilikuwa hazishiki mtandao kwa sehemu kubwa ya njia. Gari lilikuja na tairi moja la akiba, fundi wetu akang'ang'ania tuongezewe la pili. Tulilitumia. Barabara ina vijituta vya kukatiza vinavyotetemesha gari kama ubao wa kufulia, na mawe yake ni makali. Punguza upepo wa matairi, punguza na mwendo. Jua likianza kushuka, egesha, maana kangaruu na ng'ombe hawangoji taa zako.

Nenda miezi ya baridi, Mei hadi Agosti. Oodnadatta, mji mdogo ulio mbele kwenye barabara hiyo hiyo, iliwahi kufika nyuzi 50.7 mwezi Januari 1960. Hakuna hema la juu ya gari linaloweza joto hilo. Na hata majira ya baridi, mvua kidogo tu hugeuza njia kuwa tope na serikali ya jimbo huifunga. Ukikuta kibao kimeandikwa imefungwa, geuza. Kupita ni kosa lenye faini, na magurudumu yako yanaacha makorongo ambayo watu wa huko wataishi nayo.

Watu wengi hupita Coward Springs saa nane mchana wakikimbilia William Creek. Mimi nasema fika mapema na ulale, kwa sababu umbali mfupi tu kutoka kambini kuna hifadhi ya Wabma Kadarbu yenye chemchemi mbili za kilima, Blanche Cup na ile iitwayo The Bubbler. Madini ya maji yamejenga kilima kidogo kidogo kwa muda mrefu sana, na juu yake kuna kidimbwi. Kwenye The Bubbler mchanga huvimba, hupasuka na kutulia, kisha huanza tena. Tulisimama pale muda mrefu. Hapo haogi mtu: ni mahali pa thamani kwa Waarabana na viumbe wake ni dhaifu, kwa hiyo baki kwenye njia ya mbao. Hamu ya kuoga irudishe kambini.

Tungekuwa na ratiba yetu wenyewe, tungelala usiku wa pili. Anayepanga sasa, aiweke hiyo siku ya ziada tangu mwanzo, kabla hajalipia gari.