TAHADHARI: seti za tapu na dai zilizogongwa "HSS" zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa

Mafundi, na wote mnaojitengenezea mashine wenyewe nyumbani: kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na seti za tapu na dai, vifaa vya kukatia uzi ndani ya tundu na juu ya bolti, kwenye boksi jekundu la plastiki, kila kipande kimegongwa "HSS", yaani chuma kigumu cha kukatia vyuma vingine, shilingi 35,000 mpaka ulipo. Msinunue. Chuma chake ni laini, na kikikuharibikia ndani ya shafti, unayoipoteza ni injini.

Jina la akaunti halitawasaidia, maana tangu aniuzie ameshalibadilisha. Picha na video ni zilezile. Mtamjua kwa mtindo wake. Hana duka, hataki uende kuona mzigo, pesa yote itangulie kwenye simu ndipo mzigo upandishwe basi. Ukimwomba akutumie video ya tapu ikipigwa tupa, anakwambia "boss, wateja ni wengi leo".

Kazi niliyokuwa nayo ni ya kawaida kabisa. Injini ndogo ya petroli ya muundo wa 168F, hizi tunazofunga kwenye pampu na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Shafti ya milimita 20, na kwenye ncha yake kuna tundu la M8 (bolti ya milimita 8) inayozuia puli isitoke. Uzi ulikuwa umeliwa. Dawa yake inajulikana: panua tundu kwa biti ya 8.5, kata uzi wa M10 wa hatua ya 1.5 (umbali wa milimita kati ya jino na jino), funga bolti kubwa zaidi. Tundu la zamani linaiongoza biti, kwa hiyo hata nyumbani inawezekana, mradi shafti ibanwe vizuri na drili isiende upande.

Biti iliyokuja na seti ilinitia shaka kabla sijaanza. Imeandikwa 8.5, venia, kipimo cha unene, inasoma 8.2. Milimita 0.3 ni kubwa hapo! Tundu la 8.5 linaiachia tapu ya M10 kukata kama asilimia 77 ya kimo cha uzi, la 8.2 linapandisha mpaka asilimia 92 hivi, na kwenye chuma cha shafti hata tapu nzuri itabanwa mpaka ivunjike. Nikaiweka kando, nikatoboa kwa biti yangu.

Tapu ya kwanza nikaiingiza na oili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Haikufika mbali. Tapu inayokata unaisikia mkononi, na chuma kinatoka kimejikunja. Hii ilikuwa inasugua tu, kinachotoka ni unga unaong'aa, kisha mpini ukawa unazunguka mbele na tapu yenyewe inajipinda. Nilipoitoa, meno ya mbele yalikuwa yamelala yote. Shafti ikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa mashine ya kukereza, akairudisha kwenye mstari kwa tapu ya kweli. Bahati ilikuwa upande wangu kwamba uharibifu ulikuwa wa juujuu. Ingekatikia chini, tungekuwa tunaongelea kung'oa krenki nzima, maana shafti hiyo ni ncha yake.

Uzi mbovu hapo una hatari ya mwili pia. Injini hizi zinazunguka mpaka 3,600 kwa dakika. Bolti ikiachia na puli ikatoka kwenye mwendo huo, aliyesimama mbele yake ataumia vibaya, na mashine za majani mara nyingi watoto wanakuwa karibu.

Ukiwa dukani, jaribu hivi kabla hujatoa pesa. Chukua tupa kali uikwaruze tapu kwenye meno: HSS ya kweli, tupa inateleza tu juu yake. Zangu zililika kama msumari. Kama kuna grenda karibu, gusisha kidogo upande wa shina: HSS inatoa cheche chache, nyekundunyekundu, zisizopasuka sana, chuma cha kaboni kinatoa cheche nyingi za njano zinazochanua. Rangi ya dhahabu isikudanganye, hata chuma kibovu hupakwa. Na upime biti kwa venia, usisome maandishi.

Nilipomrudia na picha, alisoma, akanizuia. Waliokwishanunua: msitumie hata kipande kimoja kwenye shafti. Tunzeni ujumbe wa malipo, boksi na mazungumzo yote, mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Mimi langu nimeshaandika, na likiungwa na mengine litakuwa na uzito zaidi.