Mawe ya volkano kwa msingi na uzio: uzoefu wangu Goma

Msingi wa nyumba yetu Ndosho umekamilika, na sehemu kubwa ya uzio imesimama, yote kwa mawe ya volkano kutoka upande wa Munigi. Nimenunua lori tatu, na vipande vidogo nikaletewa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo.

Lori la kwanza lilinitia hasara. Mawe yalimwagwa nikiwa kazini. Jioni nikakuta zaidi ya nusu ni mepesi, yamejaa matundu kama sponji. Fundi aligonga moja kwa nyundo, likavunjika. Nilipolalamika, muuzaji akajibu, "Mama, jiwe ni jiwe." Si kweli, na iliniuma.

Papa mmoja, mzee anayechonga mawe huko machimboni ndiye aliyenielewesha. Lava ikitoka ardhini, gesi iliyomo hufura kama povu. Juu hupoa haraka, povu likagandia humo humo. Chini joto hukaa, gesi nyingi hupata muda wa kutoka, jiwe likashikana, zito, jeusi la kijivu. Hilo ndilo la msingi. Ukiligonga hulia kama chuma. Lile la matundu hutoa sauti butu. Alinionyesha lava ya volkano ya Nyiragongo iliyomwagika 17 Januari 2002, akatoa mawe ya aina zote mbili katika tabaka moja. Tunazoea kuyaita basalti, jiwe jeusi la lava la kawaida, ingawa ya Nyiragongo ni ndugu yake mwenye silika pungufu kuliko basalti (silika ndiyo hufanya lava iwe nzito kutiririka), na ndiyo maana lava yetu hukimbia hivyo: mwaka 1977 ziwa la lava la kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja.

Lori mbili zilizofuata nilichagua mwenyewe, nikaridhika kabisa. Mvua imenyesha sana, msingi haujaonyesha ufa. Yale mepesi sikuyatupa: tulijengea ukuta wa choo. Chokaa hushika vizuri kwenye matundu, ila simenti huliwa nyingi. Mabaki tukayaponda kuwa garavie ya uani. Sasa maji huzama, tope hakuna.

Jiandaeni kwa glavu nzuri, kingo zake hukata kama chupa. Na shimo la choo lilituchukua wiki tatu za mtaimbo, maana chini ya parseli, yaani kiwanja chetu, ni mwamba huo huo.

Lori la nne, la uzio wa nyuma, ni Jumamosi. Nitafika machimboni kabla hawajaanza kupakia.