Kutembezwa Moroni asubuhi na mapema: uzoefu wangu

Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, si mji mkubwa. Ukiwa unapita tu, labda unasubiri ndege ya kwenda visiwa vingine vya Nzwani au Mwali, utajiuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu akutembeze mahali unapoweza kupazunguka mwenyewe kwa miguu. Mimi nasema lipa, mradi umpate mwenyeji wa mji wa kale na mtoke mapema.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia ndiye aliyenitafutia mtu. Kijana amezaliwa Badjanani, ndani kabisa ya mji wa kale, na kwa kuwa amesoma Unguja, Kiswahili chake kinatiririka. Hilo peke yake lilinipunguzia kazi, maana huku mgeni asiye na Kifaransa wala Kingazija hupitwa na mengi. Tulipatana faranga 10,000 za Komoro kwa saa mbili hivi. Thamani ya faranga imefungwa kwenye euro, ambayo moja ni kama faranga 492, kwa hiyo ni karibu euro 20. Kwa mtu mmoja si bei ya chini. Mkiwa watatu au wanne, hata haisumbui.

Tulitoka watu wakirudi msikitini baada ya alfajiri, na saa hiyo naisisitiza kwa sababu ya mlima. Karthala una mita 2,361 na uko nyuma ya mji, lakini jua likishapanda mawingu hukusanyika kileleni na mara nyingi hauuoni tena siku nzima. Tuliukuta uko wazi. Kijana alinionyesha upande wa kusini, akanieleza habari za Singani, kijiji kilichofunikwa na lava mwaka 1977. Volkano hii bado iko hai.

Kisha bandari. Nawaomba muulizie maji kabla ya kupanga siku, maana bandari ya majahazi maji yakiwa yamejaa na ikiwa imekupwa ni kama sehemu mbili tofauti. Sisi tuliikuta imekupwa. Sakafu yote ilikuwa mwamba mweusi wa lava, vyombo vimelala ubavu juu yake, na mafundi wawili walikuwa wameshuka chini ya mashua moja wanasindilia pamba kwenye nyufa za mbao. Hapo nilielewa kwa nini meli kubwa hutia nanga nje na mzigo ukaletwa kwa matishali. Kisiwa hiki bado ni kichanga kwa umri wa visiwa. Lava ilishuka mpaka baharini ikagandia pale pale, na bahari haijapata muda wa kuchimba ghuba ya maana. Karibu kila gunia la mchele linaloliwa mjini limepitia taabu hiyo. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyopangwa na kijana hakunikimbiza, jambo ambalo nimelihesabu katika sifa zake.

Juu ya bandari hiyo ndipo ulipo Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, wenye matao ya ghorofa mbili yanayotazama majahazi. Ulijengwa 1427, na mnara ukaongezwa 1921. Nimeona picha zake nyingi, ila picha hazionyeshi ulivyo karibu na maji.

Ndani ya mji wa kale vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Plasta ya chokaa ya matumbawe imebanduka kwingi, na chini yake unaona jiwe lenyewe: jeusi, lenye matundu kama sifongo, linakwaruza kiganja ukiligusa. Mlima ndio uliojenga nyumba hizi. Kwa kuwa mwamba huo hupitisha maji yakapotelea chini, Ngazija haina mito ya kudumu, na kwa miaka mingi watu wamekinga mvua kwenye mabirika, yaani matangi ya kuhifadhia maji. Kijana alinionyesha moja uani kwa jamaa zake, akanisimulia mwaka 2005 Karthala ulipomwaga majivu yakaingia kwenye mabirika na watu wakahangaika kutafuta maji ya kunywa. Nilikuwa nimesoma habari hizo kabla ya kusafiri. Kuzisikia nimesimama kando ya birika lenyewe kulinigusa zaidi.

Tulipita pia bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambapo wanaume hukutana. Wazee walikuwa wameshakaa. Kijana aliwaamkia kwa adabu, nami nikatoa shikamoo yangu, mmoja akaitikia marahaba bila kusita, akasema, “Karibu mwanangu, huku ni kwenu.” Hapo ndipo nilipoelezwa habari za anda, harusi kubwa ambayo mwanamume asipoifanya hahesabiwi mtu mzima kamili mbele ya wenzake, hata awe na mvi. Na nyumba ni ya mwanamke: mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na nyumba hurithiwa na mabinti. Maswali yangu hapa yalikuwa mengi na yote yalijibiwa kwa uvumilivu.

Kwa wanaofuatilia historia ya dini pwani yetu, ombeni mpitishwe kwenye kaburi la Sheikh Muhammad al-Maarouf, aliyefariki 1905 na aliyeieneza tarika ya Kisufi ya Shadhiliya visiwani. Kwangu halikuwamo katika ratiba, nililiomba mwenyewe.

Kilichopungua ni soko. Volo Volo liko mbali kidogo na mji wa kale, tulikwenda kwa teksi muda ukiwa umekwisha, tukalipita mbiombio. Afadhali wangeliacha, au wangeliuza kama safari ya peke yake. Ufukwe nao una taka nyingi karibu na bandari, mifuko na chupa zimenasa kwenye mawe. Inaumiza mahali pazuri namna hii, na mgeni ni vizuri ajue mapema.

Nampa kijana nyota nne kati ya tano. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, kwa kuwa mawe ya bandarini yanakata, na nguo za heshima, kwa kuwa mnapita milangoni kwa watu. Bebeni pesa taslimu. Watu msiwapige picha kabla ya kuwaomba. Kule bangweni niliomba, wakakubali wawili, wa tatu akakataa kwa upole.