Fantasia na sayansi ya kubuni: kitabu gani ununue kwanza ukiwa Mombasa

Jumamosi baada ya alasiri huwa tunakaa barazani Mji wa Kale, watu sita au saba, kila mmoja na kitabu chake mapajani. Swali la kwanza halibadiliki: wasoma nini sasa? La pili huja kabla ya la kwanza kujibiwa: umekipata wapi, na kwa shilingi ngapi? Vitabu vya majini, mazimwi, vyombo vya angani na miji isiyokuwapo havipatikani kwa urahisi hapa. Maduka mengi yanaweka vya shule mbele, na nakala mpya kutoka ng'ambo inaweza kula pesa ya matumizi ya siku kadhaa. Kwa hiyo orodha hii ni ya yule mwenye pesa ya kitabu kimoja mwezi huu. Nimeipanga kama ambavyo ningenunua mimi lau ningeanza upya leo.

1. The House of Rust, Khadija Abdalla Bajaber

Nakiweka mbele ya vyote na sisiti. Mwandishi ni wa Mombasa, na bahari iliyo kitabuni ni hii yetu. Kilitoka 2021, na mwaka uliofuata kikawa kitabu cha kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyopewa jina la mwandishi wa fantasia wa Marekani, yenye dola 25,000. Aisha ni msichana wa Kihadhrami, yaani mwenye asili ya Hadhramaut, Yemen, ambaye baba yake, mvuvi, ametoka baharini na hajarudi. Anamfuata kwa mashua iliyoundwa kwa mifupa, akifuatana na paka mwenye elimu na ulimi wa kusema, na njiani anakabiliana na madubwana matatu ya baharini.

Nilimsomea shangazi yangu kurasa za mwanzo, nikimfasiria papo hapo kwa Kiswahili. Shangazi si mtu wa riwaya. Nilipofika pale baba anapopotea aliacha kuchambua mchele, akaniuliza: "Alitoka na kusi au na kaskazi?" Nikamwambia bado sijafika huko. "Basi soma, mwanangu. Wangoja nini?" Sinia ikabaki na chuya zake mpaka magharibi.

Kiingereza cha kitabu hiki ni kizito, kimejaa mafumbo kama shairi, na anayekisoma mbio huchoka mapema. Kisome kwa sauti, kurasa chache kwa siku. Nusu ya pili inaacha bahari na kurudi mjini, kunguru wakashika nafasi ya madubwana, na wenzangu wawili walikomea hapo. Mimi naona hapo ndipo kitabu kinapokuwa na nguvu zaidi. Msichana aliyekwisha kuiona bahari kuu anarudi kwa bibi yake anayemtakia ndoa na utulivu, na hakuna dubwana katika kitabu kizima linalonitia hofu kama utulivu ule.

Kuhusu kununua: kimechapishwa Marekani, na cha mtumba sijakiona hata mara moja. Niliagiza kupitia duka la vitabu, nikaweka arubuni, nikamalizia nilipokipokea. Chote kilinigharimu shilingi 2,100. Usilipe pesa yote kabla kitabu hakijafika mkononi.

2. Walenisi, Katama Mkangi

Wapo wanaodhani sayansi ya kubuni haina Kiswahili. Hao hawajaisoma riwaya hii ya 1995. Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na badala ya kufa anatua Walenisi. Ligawe jina hilo polepole: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mtu wa huku kwetu Pwani, aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, na jamii anayoichora kule angani ni ya mtu aliyefikiri kwa muda mrefu jinsi binadamu wanavyoweza kuishi bila kunyonyana. Pengine mazungumzo yanarefuka na hadithi inasimama kusikiliza hotuba. Nakubali hilo, na bado naiweka ya pili. Lugha yake inakwenda yenyewe, hutafuti kamusi, na ukimaliza unaweza kumpa mama yako aisome.

Kwa bei, ndiyo rahisi kuliko zote katika orodha hii. Tazama kwenye vitabu vilivyotandazwa chini juu ya turubai, katikati ya vile vya fasihi vya sekondari vya miaka iliyopita. Yangu ilikuwa na jina la mwanafunzi kwenye jalada na mistari ya kalamu nyekundu ndani, nikaipata kwa shilingi 150. Ukiikosa, ongeza mwendo kidogo utafute Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Nayo ni nchi iliyo angani yenye wajumbe wanaotumwa pande zote kutafuta maarifa na kurudi kulipwa adhabu.

3. The Adventures of Amina al-Sirafi, Shannon Chakraborty

Hiki ndicho kinachozunguka barazani kwetu hivi sasa, na kuna foleni ya kukiazima. Amina ni nahodha aliyekuwa haramia, sasa ni mama aliyetulia na binti yake, ila mama mmoja tajiri wa Aden anamtafuta kwa kazi ya mwisho. Ni Bahari ya Hindi ya karne ya 12, na kisiwa cha Sokotra, na majini, na mabaharia wa kila kabila ndani ya jahazi moja. Kilitoka 2023. Amina ana goti linalomuuma, anasali, ana madhambi anayoyajutia na mengine asiyoyajutia, na sijapata kumwona mhusika wa namna yake katika vitabu vya fantasia.

Kinakusudiwa kuwa mwanzo wa mfululizo, lakini hadithi yake inafika mwisho, hutaachwa ukining'inia. Kama mtu hajapata kusoma fantasia maishani na anajua Kiingereza cha kawaida, mwanzishie hiki hata kabla ya cha kwanza.

4. Binti, Nnedi Okorafor

Jina tu lilitosha kunivuta. Binti ni msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, wa kwanza katika watu wake kupokewa Chuo Kikuu cha Oomza, kilicho kwenye sayari nyingine. Anaondoka usiku bila ya ruhusa, akiwa amejipaka otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Kitabu cha kwanza, cha 2015, kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za fantasia na sayansi ya kubuni, na ni kifupi: unakianza ukingoja matatu Nyali na unakimaliza kabla ya kulala.

Ufupi huo ndio mtego wa mnunuzi. Viko vitatu, na ukinunua kimoja kimoja utalipa mara tatu kwa kurasa ambazo zingetosha kitabu kimoja cha wastani. Ipo nakala inayovikusanya vyote pamoja. Ulizia hiyo.

5. Dune, Frank Herbert

Tangu filamu za 2021 na 2024 kila kijana anakitaka. Ni cha 1965, kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20, hatimaye kikachukuliwa na kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Msomaji aliyepitia madrasa atakutana na mambo ambayo wengine hawayaoni. Mahdi, jihadi na shetani wamo humo jangwani, wakati mwingine kwa maana tunayoijua na wakati mwingine imepindwa. Kinasumbua kurasa mia za mwanzo, kisha hakikuachi.

Nimekiweka chini kwa sababu moja: ndicho chenye nakala feki nyingi kuliko vyote nilivyopata kuvishika. Cha kwanza nilinunua kwa mtu wa barabarani kwa shilingi 600, jalada linang'aa. Nyumbani nikakuta ukurasa wa 212 unafuatwa na wa 245, na kati yake hamna kitu. Wino ulinibakia kidoleni. Tangu hapo nafungua nyuma kwanza. Dune halisi ina nyongeza na faharasa ya maneno mwishoni. Ikiwa hadithi inaisha na jalada linaisha papo hapo, rudisha. Kwa kitabu chochote kile, tazama kama maandishi ya jalada yana ukungu pembezoni, kama herufi zinapauka kurasa za katikati, na kama mgongo unatoa sauti ya gundi kavu unapokifungua. Muuzaji mwema hatakasirika ukikagua.

Nunua cha kwanza peke yake. Herbert aliandika sita, na wengi tunaojuana hawakuvuka cha pili.

Vingine vinavyosomwa

A Master of Djinn cha P. Djèlí Clark kipo karibu sana na orodha ya juu. Ni Kairo ya 1912, majini wanaishi na watu mitaani, na mpelelezi wa kike wa wizara inayowashughulikia amevaa suti. Kilishinda Nebula. The Three-Body Problem cha Liu Cixin, kilichofasiriwa kutoka Kichina na kupata Hugo 2015, kinampendeza mwenye hamu ya fizikia. Watu wake ni wakavu, mawazo yake yanakukosesha usingizi. The Fifth Season cha N. K. Jemisin ni mwanzo wa vitatu vilivyochukua Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na kinahitaji msomaji mvumilivu.

Fourth Wing cha Rebecca Yarros ndicho wasichana wengi wa chuo wanachokisoma, mahaba na mazimwi yarukayo. Kinasisimua, lakini azima, usinunue, kwani ukishajua nani kampenda nani hukirudii. Na mzazi asidanganywe na zimwi la jaladani: ni cha watu wazima, si cha mtoto wa miaka 13.

Mtumba, kipya au simu?

Kwa Mombasa nasema mtumba kwanza. Nenda mapema, na usioneshe umekipenda. Mzee mmoja ninayenunua kwake hutaja 300, mimi huuliza, "Mzee wangu, huniachii 200?" tukakutana 250. Wanaouza jumla hawajui thamani ya fantasia, wanapima kwa unene, kwa hiyo vyembamba vilivyo bora hupatikana kwa bei ya maji.

Simu inatosha kwa vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, mfano The Time Machine cha H. G. Wells cha 1895, ambacho Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, inakitoa bure na kwa halali. Kwa vya sasa, epuka mafaili yanayotumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwandishi wa hapa hapa mjini hapati hata senti. Kifaa cha kusomea chenye wino wa kielektroniki kinasomeka vizuri juani pale Lighthouse ufukweni, na kinalipa gharama yake ukisoma vitabu viwili kwa mwezi au zaidi. Chini ya hapo, baki na karatasi.

Lakini karatasi na hewa ya chumvi havipatani. Masika yakiingia, kitabu kilichobanwa ukutani huota madoa ya kahawia wiki chache tu. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unabaki ndani. Vyangu viko rafu ya juu, nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, na kila Ijumaa asubuhi navifungua kimoja kimoja dirishani kurasa zipate upepo.